Kapteni Tusubiri na Abiria wa Kiti cha Dirishani

Tarehe 30 Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, Kapteni wetu anastaafu. Alianza akiwa rubani msaidizi katika ndege ndogo za mizigo, akapanda ngazi hadi kuwa nahodha wa ndege kubwa na mkufunzi wa marubani. Hatukuwahi kumwona akikimbilia jambo lolote, hata chakula.

Baba yake, fundi cherehani, alikuwa mwoga wa ndege. Alidai kwamba chombo kisichoweza kuegeshwa kando ya njia kikiharibika si cha kupanda. Siku alipokubali hatimaye, alivaa suti aliyojishonea mwenyewe, akaketi dirishani karibu na bawa. Nahodha alikuwa mwanawe.

Mara baada ya kupaa, flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa ndege inapopaa na inapotua, zilikwama. Hazikurudi ndani. Ndege katika hali hiyo haiendi kasi, na mafuta yangeisha kabla ya kufika. Kapteni alimwachia rubani msaidizi usukani, akasoma maelekezo ya dharura neno kwa neno, ingawa alikuwa akiyafundisha. Akawatangazia abiria kwamba wanarudi, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Walizunguka hadi mafuta yakapungua na ndege ikawa nyepesi, kisha akatua kwa kasi kubwa kuliko kawaida, bila mshtuko. Hadi leo tunalitumia tukio hilo kufundishia marubani.

Lakini utaratibu wa wakati ule ulimtaka nahodha abaki katika chumba cha marubani awaeleze mafundi hitilafu kabla ya kufanya jambo jingine. Alibaki. Alipotoka, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

Mzee alirudi nyumbani kwa basi, akawasimulia majirani kwamba mwanawe alimpandisha, akamzungusha, akamrudisha palepale alipomtoa. Majirani walicheka. Kapteni alipokwenda kumweleza, mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba alimsubiri chini ya ngazi mpaka alipoambiwa aondoke. Kisha akaendelea kushona. Hakupanda ndege tena hadi alipofariki.

Tangu safari ile, injini zikishazimwa, Kapteni husimama kwanza mlangoni, akamuaga kila abiria. Mafundi hungoja. Mwanzoni walinung'unika, wakampachika jina la Tusubiri. Ofisi nayo ilimwita ajieleze. Akajieleza, na hakubadilika.

Katika safari yake ya mwisho, wiki iliyopita, alisimama vilevile. Abiria wa mwisho alipokwisha kuteremka, alibaki pale, kofia mkononi, akiitazama ngazi. Mafundi walikuwa wamefika na vifaa vyao. Hakuna aliyemharakisha.

Kapteni, tunakushukuru kwa kila safari, na zaidi kwa ile uliyoikatisha. Tunakuombea mapumziko mema na afya njema. Siku utakayopanda nasi ukiwa abiria, chagua kiti cha dirishani. Nahodha atatoka kukusalimu.