Jumamosi za Heledd Mlimani Gwernog

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni Luned, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, pamoja na sehemu ambayo mpaka leo hatujaielewa.

Marehemu Heledd alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, katika shamba la kondoo la wazazi wetu karibu na Tregaron, Wales, akasoma shule ya msingi kijijini na sekondari mjini, akamaliza mwaka 1970, na Septemba mwaka huohuo akaajiriwa posta, alikohudumu kaunta kwa miaka thelathini na minane. Tarehe 17 Aprili 1976 alifunga ndoa na Idwal, dereva wa lori la maziwa, wakajaliwa watoto wawili, Mererid na Gethin.

Mwaka 1994 alianza kwenda, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye mlima Gwernog, ambao hata wapenda milima hawauendei, kwa kuwa kilele chake ni kinamasi kitupu, hakuna jiwe la kukalia wala cha kutazama ila ukungu, naye alirudi na tope hadi kiunoni, akiwa na furaha ambayo Idwal hakuipenda. Alisema anakwenda peke yake, lakini alifunga vipande vinne vya mkate na jibini, na Heledd tunayemjua hakuwahi kumaliza zaidi ya viwili.

Tarehe 5 Oktoba 1996 mimi na Idwal tulimfuata, tukajibanza nyuma ya tuta, na Idwal, katika kusogea aone vizuri, akazama hadi mapajani, akapiga yowe.

"Tulia, usirushe miguu, utazidi kuzama," Heledd alimwambia, akilala kifudifudi kumnyooshea fimbo, wala hakuonekana kushangaa.

"Uko na nani huku?"

"Toka kwanza, mume wangu, wivu utaumalizia nyumbani."

Nyumbani alimfulia suruali, akabadilisha mazungumzo. Mimi lakini kule mlimani niliona vikombe viwili vya chai kando ya mkoba wake, vyote vikitoa mvuke, na nilimficha Idwal jambo hilo hadi juzi.

Novemba 2017 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa mara tatu, na Jumamosi ya tarehe 2 Juni 2018 muuguzi alitueleza kwamba mzee mmoja mwenye viatu vilivyojaa tope alikaa naye nusu saa, wakacheka sana, akaondoka bila kutaja jina. Heledd alifariki Jumanne iliyofuata, saa mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu, na wenzake wa posta. Na wewe bwana, kama umo humu kanisani, usiondoke kabla ya chai. Mimi bado nakushuku, lakini Idwal amenituma hivi: "Mwambie sitaki ugomvi, nataka tu kujua walikuwa wanacheka nini."

Dada yangu Heledd, lala kwa amani, sisi bado tunaangalia mlangoni.