Ukifa, Wanipigie

Kwenye basi la kutoka hospitali, nyuma yangu walikaa fundi bomba na mama anayeshona nguo, watu ambao hadi asubuhi ile walikuwa hawajuani. Walikuwa wamegundua kuwa wana ugonjwa mmoja: moyo unaoruka mapigo, na mshipa wa kichwani uliovimba kama puto. Tena wako kwenye utafiti mmoja. Kompyuta iliwapangia kwa bahati nasibu: fundi ameze vidonge vya kuzuia damu isigande, mama asimeze, halafu madaktari waone nani atasalimika.

"Bila dawa, dada, damu itaganda moyoni, itakuziba," alisema fundi. "Mabomba nayajua mimi."

"Na wewe, damu nyepesi hivyo, puto likipasuka utaizuia na nini? Uzi ninao, ila vichwa sishoni."

Nikajifanya nasoma tangazo la dirishani. Lilikuwa na maneno mawili tu.

Wakapeana namba za simu. "Ukifa," fundi alisema kwa upole, "watu wako wanipigie, nijue kama niendelee kumeza."

"Kwa nini nife mimi kwanza? Kufa wewe, mimi nijue kama nianze!"

"Wewe ndiye uliyeanza kuugua, dada. Foleni ni foleni."

Basi likasimama kituoni kwao. Wakasimama mlangoni bega kwa bega, na hakuna aliyekubali kumtangulia mwenzake kushuka.

"Jamani, mnangoja nini?" konda akafoka.

"Majibu," akasema mama.