Mwuza Mafuta Asiyepaka Mafuta

Kamyo yetu ilikuwa inakaribia Kamina, sote tumekaa juu ya mizigo. Umba, mwuza mafuta ya ngazi, yaani mawese, kutoka Kabondo-Dianda, akatoa kipande cha buji, mshumaa mweupe, akaanza kukisugua kwenye shene, ule mnyororo wa kinga yake, baiskeli iliyofungwa kando yake. Mama Likoke, mke wa askari na mkaanga vitumbua wa kambini, alikuwa na bido lake tupu, dumu la plastiki, na amekwisha kukubali kulijaza mafuta yake. Akaiangalia mikono ya Umba.

“Citoyen, weye iko unauzisha mafuta, na shene yako unapakala buji?”

“Mama, mafuta inakamata mavumbi,” Umba akajibu. “Buji inakauka, mavumbi inaanguka.”

“Kumbe mafuta yako iko mubaya.”

“Kwa shene, mama. Kwa kukaranga iko muzuri.”

Mama Likoke akamkazia macho, kama mumewe anapotazama makaratasi ya mtu barabarani. Umba akafungua bido lake la mafuta, akamwomba aonje.

“Ya juu njo ya kuonjesha,” akasema mama. “Ya chini njo ya kuuzisha.”

Mimi nilikuwa nimenunua chupa yangu kwake asubuhi, na nilikuwa na furaha. Nikaifungua polepole, nikainusa.

Kamyo ikasimama sokoni. Umba akashusha kinga, akazungusha pedali kwa mkono. Gurudumu likaenda mbio, na shene haikulia hata kidogo.

“Unasikia, mama?”

“Minyi nasikia,” Mama Likoke akasema, akichukua bido lake tupu. “Kinga ya mwizi nayo haifanyake makelele.”