Nyumba ya Mlango wa Kijani

Muuguzi aliyeketi mbele yangu basini alikuwa akienda kuamua kama atanunua nyumba katika mtaa wetu. Kando yake alikaa mchomeleaji wa mageti asiyenifahamu, ambaye dada yake anaishi huko.

“Bei yake haiumi,” mchomeleaji alimwambia, “ila nyumba zimeungana, na ukuta ni jina tu. Jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayejifuta.”

“Mimi hurudi kutoka kazini alfajiri, kaka, ndipo nilale.”

“Unanunua ipi?”

“Ya mlango wa kijani.”

“Pole, dada. Upande wa pili kuna mzee anayeimba nyimbo za kanisani tangu kunapopambazuka. Sauti yake ni kama geti linalolilia bawaba mpya.”

Nilikohoa kwa heshima. Nimeongoza kwaya miaka mingi, na hakuna aliyewahi kulalamika mbele yangu.

“Labda ni mgonjwa,” muuguzi alisema kwa huruma. “Nitapiga hodi kwake kwanza. Akikubali kuimba jioni nikishaondoka, nanunua leo hii.”

Basi likasimama kituoni kwetu, nao wakashuka. Mimi, niliyefunzwa tangu utotoni kuikabili kweli nikiwa wima, nilibaki kitini na kumwomba kondakta anishushe kituo cha mbele.