Mkono Wangu Kwenye Sinia

Wakubwa zangu shikamooni, na wagonjwa wenzangu habari za asubuhi. Mtaalamu wetu wa mazoezi amenibana niseme. Mimi si msemaji, tena hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo nikinyamaza katikati mnivumilie.

Kwetu ni Kondoa, milimani. Nilikuwa fundi kwenye karakana ya shirika la umma hapa Dodoma mjini, mpaka walipoanza kupunguza watu. Nikapunguzwa. Nikarudi nyumbani, nikapata kibarua kwenye mashine ya kusaga ya mtu binafsi. Miaka hiyo kila kijiji kilikuwa kinafungua ya kwake. Siku moja mkanda ukawa unateleza. Fundi mzima, ninayejua kabisa kwamba injini huzimwa kwanza, nikanyoosha mkono wa kulia kuusukuma. Foleni ya kina mama ilikuwa ndefu, nikaona nitawachelewesha. Mkanda ukanivuta. Kifundo cha mkono kikavunjika, vidole vitatu vikapondeka.

Hospitali waliniunga, wakanifunga plasta. Ilipotolewa nikaambiwa niukunje mkono kila siku, hata ukiuma. Hapo ndipo tulipokosea, na nasema tulikosea kwa sababu tulikuwa wengi. Kwetu mgonjwa hasumbuliwi. Nikijaribu kukunja kidole nikaguna, mke wangu analia na shangazi ananifokea: "Hebu uache huo mkono upumzike." Nami nikaupumzisha. Ulining'inia kwenye kitambaa shingoni miezi mitano. Vidole vikakakamaa, vimejikunja nusu, havifungi wala havifunguki.

Ndugu zangu, nawaambia, kukosa kazi hakukuniuma kama chakula. Wanaume wa nyumba yetu tulikuwa tukila sinia moja: baba yangu, kaka zangu wawili na mimi. Kula kwa mkono wa kushoto mbele ya baba sikuweza. Kulishwa ndiyo kabisa. Nikamwambia mke wangu aniletee chakula chumbani, afunge mlango, anilishe huko huko.

Jioni ya kwanza baba alikuja mlangoni. "Njoo ule na kijiko, mwanangu. Nani atakucheka?"

"Nitakuja nikipona, baba."

Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Jibu langu lilikuwa lile lile. Siwafichi, zilikuwepo siku nilitamani ule mkanda ungenimaliza kabisa.

Aliyechoka ni mke wangu. Akanipandisha basi mpaka Dodoma, tukafikia kwa dada yangu. Hapa hospitali nikakabidhiwa kwa huyu huyu mtaalamu wetu wa mazoezi, mama mkali. Akauliza nani aliniambia niupumzishe mkono. Nikataja ukoo mzima. Hakucheka. Wagonjwa wa mikono alikuwa akiwachovya kwenye nta ya moto, viungo vilainike kabla ya kuvinyoosha, ila nta ilikuwa imekwisha na hakuna aliyejua italetwa lini. Akanipa beseni la maji ya moto, kisha akavivuta vidole vyangu kimoja kimoja mpaka nikamtukana. Alipomaliza akaniuliza kwetu tunakula nini.

"Ugali wa uwele."

"Basi mkeo akisonga, akutengee bonge. Likipoa kiasi cha kuvumilika, liminye mpaka liwe baridi. Asubuhi na jioni. Kulia ulie, lakini usiache."

Nikaminya. Wiki nne nzima vidole havikuacha hata alama kwenye ugali. Mtu mzima nimekaa na bonge la ugali mkononi, machozi yananitoka. Mara tatu nililitupa ukutani. Mke wangu alifuta ukuta, akasonga jingine. Mwezi wa tatu kidole gumba kikagusana na cha shahada. Siku chache baadaye nikafanya tonge. Lilikuwa bovu, limepinda, lakini lilifika mdomoni. Nikamwambia mke wangu afunge mizigo, nikale na baba.

Kabla hatujapata basi, habari ikafika. Baba alikuwa ameugua kifua siku nne tu, akafariki.

Tulifika wakimswalia. Udongo niliutia kaburini kwa mkono huu. Jioni sinia likaletwa, kaka yangu mkubwa akanionyesha mahali pa kukaa. Akaniambia kwamba miezi yote ile baba aliwakataza wasisogee kuziba nafasi yangu. Alisema, "Hapo ni pa mwenzenu, anakuja." Nikakaa. Nikamega tonge kwa mkono huu huu.

Namshukuru huyu mama mkali. Nta ilipokuja alituma mtu aniite. Namshukuru mke wangu zaidi, yule pale anajifanya hasikii. Leo mkono unashika nyundo. Kidole cha mwisho kimegoma, nimekiacha. Lakini sitawadanganya kwamba nimepona. Nilipewa miezi ya kukaa na baba yangu, nikaitumia kungoja vidole.

Kwa hiyo mazoezi fanyeni, hata yakiuma. Ila msisubiri kupona ndipo mkae na watu wenu. Wewe mama uliye karibu na mlango, naona umeuficha mkono ndani ya khanga tangu tuanze, na nimekuona ukitazama njia ya kutokea. Chakula kinaletwa sasa hivi. Usiondoke. Kaa na kina mama wenzio ule, kwa kijiko, kwa kushoto, hata kwa kulishwa.