Kapu la Khairiya Halikuwa na Kasoro

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Masheikh wetu, na wewe Mchungaji uliyetuheshimu kwa kufika. Mafundi seremala wa Keko mlioweka randa chini siku ya kazi. Akina mama wa Kikundi cha Makapu, ambao kwa haki mngetajwa wa kwanza. Ndugu wageni waalikwa, majirani na wateja wangu. Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyie mliosimama kule juani, sogeeni chini ya turubai, nafasi ipo.

Wengi mnanijua, na wengine tumeshagombana. Kwa wageni, mimi ni Abdulsamad, mwenye duka hilo la mbele, mume wa marehemu Khairiya, ambaye jina lake limeandikwa juu ya mlango huu tuliokuja kuufungua. Chumba hiki kilikuwa stoo yangu ya mkaa kwa miaka ishirini na miwili. Tumekipaka chokaa mara tatu na bado weusi unachungulia kwenye pembe. Kuanzia leo ni chumba cha kushonea makapu ya kupikia, na akina mama watakitumia bila kulipa pango maadamu niko hai. Binti yangu Maisa ameahidi kwamba hata nisipokuwepo itakuwa hivyo hivyo.

Maisa ndiye aliyeniandikia karatasi hii, maana anajua baba yake akisimama bila karatasi atamkosea mtu adabu. Ameandika mambo ya mama yake ya nyumbani, yale madogo madogo ambayo kila mmoja wenu anaweza kuyafanya kuanzia kesho. Kwamba alikuwa akiloweka maharage tangu jioni ili yasile moto mrefu. Kweli. Kwamba alifunika kila sufuria, hata ya maji ya chai. Kweli. Kwamba maji ya kuoshea mchele aliumwagilia mchicha, na ya kusuuzia nguo aliyaweka kwenye ndoo ya chooni. Kwamba nguo za wiki nzima alizipiga pasi siku moja, pasi ikiwa imeshapata moto, na vitambaa vyangu vya mkononi akavinyoosha mwisho kabisa, pasi ikiwa imeshachomolewa. Kweli tupu. Umeme wa Luku ambao kwa wenzetu uliisha katikati ya mwezi, kwetu ulifika mwisho wa mwezi, nami nikidhani ni kwa sababu ya ushupavu wangu wa biashara.

Imeandikwa pia kwamba alipita chumba hadi chumba akizima taa nyuma yangu. Hilo nalo kweli, na mimi kwa ajili hiyo nilimpa jina, nikamwita Bibi Giza. Nilimwita hivyo mbele ya wageni, wageni wakacheka, na yeye akacheka. Siku hizi taa za nyumba ile naziwasha mwenyewe na kuzizima mwenyewe, na hakuna wa kumtania.

Karatasi inaendelea, na mwisho wake ni mzuri. Lakini naikunja. Naikunja, mwanangu Maisa, kwa sababu ya maneno aliyoyasema Bi Mwajabu hapa muda mfupi uliopita, alipokuwa anasoma risala ya kikundi. Amesema kwamba kapu la kwanza la marehemu lilikuwa na kasoro, lilikuwa haliivishi, lakini marehemu hakukata tamaa, akalifumua na kulishona upya mpaka akalipatia. Mkapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Halafu nikajiuliza: Abdulsamad, utaliacha hili lipite? Mkeo asifiwe leo kwa kurekebisha kosa ambalo hakulifanya, na wewe umekaa mstari wa mbele na kanzu yako nyeupe?

Ndugu wageni, kwa ambaye hajaliona kapu lenyewe, si kitu cha kutisha. Ni kapu la kawaida la ukindu. Ndani limetandikwa kanga kuukuu iliyoshonwa kama godoro na kujazwa maranda, haya haya maranda ya mbao ambayo mafundi wetu walikuwa wakiyachoma kila jioni na moshi ukaingia majumbani. Unabandika chakula, unakichemsha sawasawa, unakiipua na mfuniko wake, unakiingiza kapuni, unakigandamiza kwa mto wa maranda, na unakwenda kufanya shughuli zako. Joto lililomo ndani ya sufuria ndilo linalomalizia kuivisha. Kopo moja la mkaa linafanya kazi ya makopo matatu. Sharti lake ni moja tu: usifunue kabla ya wakati.

Siku ya kwanza alipoweka wali humo, aliniambia, "Baba Maisa, hili halitaki kuchunguliwa. Ukifunua joto limeondoka, na halirudi." Akaenda kuanika nguo. Mimi nikatoka dukani, nikaliona kapu limekaa kimya karibu na jiko lililozimwa, na mtu aliyeuza mkaa tangu ujana wake angeaminije chakula kinachoiva bila moto? Nikainua mto. Nikainua mfuniko. Nikachukua kijiko, nikakoroga, nikaonja, nikarudisha kila kitu mahali pake. Wali ule ulitoka na kiini. Nikamwambia, "Unaona?"

Mara ya kwanza ulikuwa wasiwasi, na mara ya pili, tuseme, ulikuwa udadisi. Lakini ilipofika mara ya tatu, ndugu zangu, nilikuwa nimeshajua. Nilifunua huku nikijua. Wateja walikuwa wameanza kunitania dukani, "Mzee, mama anatufundisha tusinunue mkaa wako!" Wao wanacheka, nami nacheka kwa meno tu. Nilitaka mke wangu ashindwe. Sikutaka aumie, Mungu ni shahidi; nilitaka ashindwe kidogo, kisha aliache kapu na awe kama wake wa wenye maduka wengine.

Fundi Adelard, uko wapi? Nyoosha mkono watu wakuone. Ulimletea mke wangu maranda mara ngapi? Mara tatu, na mara ya tatu alikwambia pengine haya ya mninga ni mazito, tujaribu ya paina, ukakaa ukamchambulia kama mtu anayechambua mchele. Mara tatu alilifumua lile godoro, akalikung'uta, akalishona upya kwa mkono, vidole vikiwa na matundu ya sindano. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale barazani, nanywa kahawa, namtazama. Ningeweza kusema neno moja tu. Kwa nini sikusema?

Mnaikumbuka ile Jumamosi ya maharage? Khairiya aliwaalika akina mama kumi na mmoja waje wale chakula cha kapuni, wajionee wenyewe. Asubuhi ile alitandika mkeka mpya. Asubuhi ile nilifunua mara nne. Maharage yalipopakuliwa yaligonga sahani. Bi Mwajabu, wewe ulikuwa unawapikia mafundi chakula cha mchana, na nakumbuka ulivyosema, kwa upole kabisa, "Dada Khairiya, sie tunapikia watu wa kazi, hatuwezi kubahatisha." Naye akajibu, "Ni langu tu lenye kasoro, wala msiyatie shaka mtakayoshona nyie. Nitalitengeneza." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Mie nilisema."

Jumatatu yake, Bi Mwajabu, ulikuja kununua gunia la mkaa. Nilikupakilia mwenyewe, na nikakuongezea kopo moja la bure. Wenzako nao wakaja, mmoja mmoja. Katika wale kumi na mmoja, waliobaki na Khairiya walikuwa watatu. Miaka miwili alikaa na hao watatu, wanashona kwenye ukumbi wangu mwembamba ambako nilikuwa napita nikiruka miguu yao, nikiguna.

Na kuna jambo jingine, ambalo nimelielewa nikiwa nimeshachelewa. Siku nilizokwenda Kariakoo kuchukua bidhaa, chakula cha kapuni kiliiva. Siku nilizoshinda dukani, hakikuiva. Mwanamke aliyejua kila tone la maji ya nyumba yake linaishia wapi, mnadhani hilo hakuliona? Kile kijiko nilichokuwa nakiacha kimelowa juu ya ndoo, nani alikuwa anakiosha? Alikiosha, akakirudisha mahali pake.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nne mwaka huu, mvua zimeshika. Khairiya alikuwa anakwenda kliniki yake ya presha, kama alivyokwenda kila mwezi, na Maisa alikuwa amemfuata na bajaji. Saa nne asubuhi alisimama mlangoni pa duka ameshavaa baibui, mwavuli mkononi, akaniambia, "Kunde za nazi nimeziweka kapuni. Leo, Baba Maisa, usifunue. Nikirudi tutafunua wote."

Leo, alisema. Mtu hamwambii "leo usifunue" mtu ambaye hajawahi kufunua. Alikuwa anajua. Miaka yote ile alikuwa anajua, akakubali watu waseme kapu lake ni bovu kuliko kusema mume wake ni mtu wa namna gani. Akanitazama kidogo, akafungua mwavuli, akaondoka.

Siku ile sikufunua. Sina sifa yoyote kwa hilo. Nilikuwa nimeona aibu, basi. Nilipita jikoni mara mbili, mikono nimeifunga nyuma kama mtoto aliyekatazwa, nikarudi dukani. Saa nane Maisa alipiga simu, na kwa namna alivyosema "Baba" nilijua. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi.

Saa kumi kasorobo nilirudi nyumbani kutoa viti sebuleni, maana watu wangeanza kuja. Nikaingia jikoni kutafuta ufagio. Kapu lilikuwa pale pale alipoliacha, na kanga yake imefungwa fundo juu. Nilipiga magoti nikafungua fundo, nikaondoa mto, nikaondoa mfuniko. Mvuke ulinipiga usoni. Kunde zilikuwa zimeiva, ndugu zangu, laini, hakuna hata moja iliyogoma, na tui limezishika vizuri. Bado zilikuwa za moto. Nilizila pale pale sakafuni, kwa mkono, peke yangu, huku nasikia watu wanavua viatu uani. Nililia nikila. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilikuwa nimekula chakula cha kapuni kama alivyotaka nikile.

Baada ya arobaini nilimpa Bi Mwajabu kapu lile. Nilimwambia, "Lijaribu tena, ila usilifunue." Kesho yake alirudi dukani analia, akasema, "Mzee, kumbe dada alilipatia!" Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipokuwa wazi, na mimi nikaitikia kwa kichwa tu. Ndiyo sababu leo habari ya kasoro imo kwenye risala. Nimeiacha ikae miezi mitano, mpaka ikapigwa chapa, na Mheshimiwa ana nakala mkononi.

Kwa hiyo, Bi Mwajabu, naomba chukua kalamu uifute ile sentensi. Kapu la Khairiya halikuwa na kasoro. Lile la kwanza lilikuwa linaivisha, na la pili, na la tatu. Akina mama mliorudi nyumbani Jumamosi ile mkimhurumia, mlikuwa mnamhurumia bure. Mtu wa kuhurumiwa alikuwa amesimama mlangoni. Mkaa mlionunua kwangu miaka miwili, na moshi mliouvuta juu yake, niliwauzia kwa uongo wa kijiko. Naombeni radhi, na anayetaka kuninunia na aninunie, nitamwelewa.

Maisa, mwanangu, na wewe unalisikia hili leo pamoja na watu. Nilipaswa kukwambia nyumbani. Nisamehe kwa yote mawili.

Mnauliza basi tufanye nini ili tubane matumizi na tusimalize miti ya watu? Yamo kwenye karatasi ya Maisa, na atazigawa nakala mlangoni. Mimi nina moja tu la kuongeza, na nawaambia wanaume wenzangu hasa. Ukiona mkeo anafunika sufuria, anazima taa, anahifadhi maji ya mchele, huna haja hata ya kumsaidia kama wewe ni mvivu kama mimi. Kaa pembeni. Mwache afanye.

Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa kuja. Mafundi, nawashukuru kwa maranda, na kwa kuacha siku hizi kuyachoma. Akina mama, nawashukuru kwa kurudi, na ninyi watatu ambao hamkuondoka, sina neno la kutosha. Wote mliokaa mkanistahimili hadi hapa, Mungu awalipe.

Ratiba inasema kwamba sasa mimi, kwa niaba ya familia, nitafunua kapu lile pale mezani, ambalo limewekwa kunde tangu saa nne. Naomba Mwenyekiti abadilishe ratiba. Bi Mwajabu, njoo ufunue wewe. Mkono huu umeshafunua vya kutosha.