Mwachieni Hushimu Mtoto

Sogeeni wanangu, Asrieli na wewe Palti, kaeni karibu na mdomo wangu, maana pumzi imebaki kidogo, na askari wa Babeli wamesema asubuhi mnafungwa minyororo mnaanza safari, na mimi nisiyeweza hata kusimama nitaachwa humu kibandani nife.

Nilitaka niwagawie urithi kama baba alivyonigawia. Nigawe nini? Yerusalemu imeteketea, hekalu ni majivu, na shamba letu la mizabibu jemadari wao amempa Hushimu, mtumwa wetu, kwa kuwa ni maskini na maskini hawamtishi. Palti, acha kusaga meno! Tuliambiwa. Kwenye sikukuu kuhani alitusomea agano, kwamba tukilivunja tutapanda mizabibu na divai watakunywa wengine, tutazaa watoto na hawatakuwa wetu. Nasi tukaitikia "Amina" kwa sauti kubwa, huku tukinong'onezana nyama itaiva lini.

Hushimu ni Mwebrania mwenzetu. Sheria inasema mwaka wa saba aende zake huru, nasi tukamweka mpaka ndevu zikaota mvi. Mji ulipozingirwa tukaogopa, tukamwachia, tukaapa mbele za Mungu. Maadui walipoondoka kidogo tu, ninyi wawili mkamfuata, mkamrudisha kwa kamba, nami nikanyamaza. Mungu gani angevumilia mzaha ule? Hakuna aliyetuonea, wanangu, na hilo linaniuma kuliko kufa.

Sasa nasikia mnataka kuichoma mizabibu kabla ya kuondoka. Msithubutu! Palti, mkeo, mama yake mwanao Noa, njaa imeshammaliza, na mtoto mwenyewe ana homa. Hata Rama hapo karibu hatafika akiwa hai, seuze Babeli. Mchana mlipokwenda kuchota maji nilimwita Hushimu, nikamwomba amchukue Noa awe mtumishi wake. Akacheka. "Mzee, leo unaniomba mimi? Si ulikuwa unaniita we mbwa?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi, nakuomba. Akafuta macho, akasema, "Haya, nitamchukua. Nikila atakula. Na mwaka wa saba nitamwachia aende zake."

Mwaka wa saba, wanangu! Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Basi mwachieni Hushimu mtoto, na shamba msiliguse. Nikifa atanifukia Hushimu, nimemwomba na hilo pia. Huko Babeli msiseme Mungu wetu alishindwa. Semeni alifanya alichosema. Mkiweza kumwomba, mwombeni. Mimi nimeshindwa, maneno hayanijii tena.

Nileteeni Noa. Mko wapi? Giza limeingia... Palti, shika mkono wangu, uuweke kichwani pake. Hapo. Mungu wa baba zetu akulinde, mjukuu wangu, akupe... akupe kukua. Usilie. Hushimu akija, mwamkie vizuri. Mwite bwana wangu.